Kiu ya Hema la Saba

Minafu ya Hema la Saba ilikuwa imesimama na mizizi ndani ya maji, na ilikuwa inakufa kwa kiu. Sitanii. Jumapili ile asubuhi nilifungua zipu ya hema nikakuta majani yote yamelegea, ncha zake zimeungua, na chini yake maji yanapita kwenye mifereji bila kupumzika. Nikajisemea, haya Perusi, leo umepatikana.

"Ingia, mama, ufunge," sauti ikatoka katikati ya majani. "Unanitolea hewa."

Alikuwa Bibi Tabea Njiku, mwenye hema. Ana miaka sabini na minne, mimi thelathini na mmoja, na ananiita mama kwa sababu binti yangu anaitwa Tabea. Kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, mtu huyo naye ni kama umemzaa. Anakudekea, anakununia, anadai zawadi. Bibi Tabea hajaniacha nipumzike tangu siku ile.

"Shikamoo, mwanangu," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Umeniletea nini?"

"Nimekuletea macho yangu mawili. Mlezi kanituma. Anasema hema lako lina unyevu kupita kiasi."

"Unyevu!" Akajitokeza huku akifuta mikono kwenye kanga. "Hebu nitazame midomo hii. Huu ni uso wa mtu mwenye unyevu?"

Kweli midomo ilikuwa imempasuka. Yangu nayo ilishaanza kukaza, na sikuwa nimemaliza hata dakika tatu humo. Nikatazama skrini ya mlangoni: unyevu wa hewa, asilimia tisini na tatu. Kwenye kona mashine ya kukausha hewa inanguruma kwa nguvu zake zote, inanyonya maji hewani na kuyasukuma kwenda Tangi Kuu.

"Mlezi," nikaita, "hiyo tisini na tatu umeitoa wapi?"

"Kwenye kihisi cha unyevu cha Hema la Saba, Fundi Ntandu," ikajibu sauti ya ukutani, tulivu kama siku zote. "Unyevu ukizidi themanini, kuvu huota kwenye majani. Nimezima mvuke na kuwasha ukaushaji. Hata hivyo mimea inanyauka. Naomba usaidizi."

Mlezi si mtu. Ni akili iliyomo kwenye nyaya za Shimoni, mji wetu huu uliochimbwa zamani kutafuta dhahabu, na sasa tunaishi humo kwa kulikimbia jua la huko juu. Ndiye anayetugawia hewa na maji, na kusema haki anatugawia vizuri. Kila tone tunalokunywa humu limeshapita kwenye pumzi ya mtu au kwenye jani la mmea, likakamatwa, likarudishwa. Kwa hiyo sisi mafundi wa hewa hatuchezi na mahema, na Hema la Saba ndilo kabisa hatulichezei, maana ndilo linaloilisha wodi ya wazazi mboga ya kuongeza damu.

Nilianza na maji, kama nilivyofundishwa. Pampu nzima. Matundu ya kumwagia hayajaziba. Nikatumbukiza kipimo cha chumvi kwenye tangi la hema: virutubisho vimekolea karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Hapo nikaanza kupata picha. Hewa ikiwa kavu, jani linapoteza maji haraka. Mizizi inakunywa maji na kuacha chumvi nyuma. Yanayobaki yanakuwa makali, yanaunguza ncha. Nikachomoa mche mmoja nikaugeuza. Mizizi ilitakiwa kuwa myeupe. Ilikuwa na rangi ya chai, na inanuka.

"Nani kaongeza maji humu?"

"Mwenzako Mpinga. Kaja Jumatatu iliyopita, kaona majani yamelala, kasema yana kiu. Kayafungulia yapite mchana na usiku."

"Ee Mungu wangu. Sasa juu yanaungua, chini yanazama."

"Nilimwambia. Akaniambia bibi, hii ni sayansi."

Nikarudisha ratiba: dakika kumi na tano za maji, dakika arobaini na tano mizizi ipumue. Tukapunguza nusu ya tangi kwenye bomba la kurudishia, tukajaza maji matupu. Kisha nikatoa kwenye mkoba chombo ambacho wenzangu wananichekea nacho: vipimajoto viwili vilivyofungwa kwenye ubao mmoja. Kimoja kiko wazi. Cha pili kimevishwa kitambaa cha pamba, na mkia wa kitambaa umetumbukia kwenye kichupa cha maji. Maji yanapanda kitambaani, yanakauka, yanakipoza kile kipimajoto. Hewa ikiwa kavu, tofauti ya viwili hivyo inakuwa kubwa. Hakina umeme wala akili, na hakijawahi kunidanganya.

Nikakitundika karibu na kihisi cha Mlezi. Kihisi chenyewe ni kisahani cheupe kinachoning'inia kwa waya, shubiri moja juu ya mfereji wa mwisho. Bibi Tabea alikuwa amekivisha kitambaa cha kufuma, kama alivyovisha kila kitu humo ndani: pampu ina kitambaa, tangi lina kitambaa, redio ina kitambaa, mpaka swichi ya taa. Pembe moja ya kile cha kihisi ilikuwa imekunjika. Nikainyoosha kwa mkono wangu huu, nikaendelea na kazi. Nakiri mapema, maana jambo hilo litarudi.

Nyuzi ishirini na saba kwenye kikavu, kumi na saba kwenye kibichi. Nikapiga hesabu mara mbili.

"Mlezi, hewa ya humu ni asilimia thelathini na nne. Zima ukaushaji."

"Kihisi kinasema tisini na tatu. Kipimo kimoja cha mkono hakitoshi kukibatilisha. Nahitaji vipimo vya siku tatu tofauti."

"Mimea haina siku tatu!"

"Naelewa, Fundi Ntandu. Kanuni hairuhusu."

Bibi Tabea hakungoja tumalize kubishana. Alishaburuta sanduku lake, akatoa kanga nne, akazitosa kwenye ndoo. "Shika ncha hiyo, mama," akaniambia. Tukazitundika mbichi katikati ya mistari ya minafu, feni ikazipulizia. Mashine inakausha, sisi tunalowesha. Kila nusu saa tunazishusha, tunazitosa, tunazirudisha, mikono inauma, na yeye anaisimanga mashine kwa Kinyaturu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kufika saa saba mchana majani ya mstari wa kati yalikuwa yameinua vichwa.

"Unaona?" akasema. "Yanataka kubembelezwa tu."

Nilitaka kumjibu utani, kumbukumbu ikaniwahi. Miaka minne iliyopita nilijifungua Tabea wangu, na damu ikanitoka mpaka miguu ikawa baridi. Walinirudisha, sijui walifanyaje. Siku ya pili yake akaingia wodini bibi nisiyemjua, kabeba bakuli la supu ya mnafu, akaketi kitandani kwangu bila kuuliza. "Fungua mdomo," akasema. Kesho yake akaja tena. Akaja arobaini nzima, anapanda ngazi mia na kumi na mbili kwa magoti yake yale mabovu, na bakuli halijawahi kufika limepoa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu mara moja tu, tena haraka: alikuwa na binti, Yunisi, aliyefariki akijifungua huko juu mwaka wa mwisho kabla watu hawajashuka. Kwa kukosa damu. Tangu hapo sijamuuliza tena, na tangu hapo sijawahi kupita mlango wa Hema la Saba bila kusema asante, hata kimoyomoyo.

*

Jumatano nilirudi na ubao wangu. Kikavu ishirini na tano, kibichi ishirini: asilimia sitini na tatu. Skrini ikasema sitini na mbili. Nikakigonga kipimajoto kwa kucha. Kikakaa palepale.

"Vipimo vinalingana," akasema Mlezi. "Kihisi hakina hitilafu."

"Jumapili kilikuwa nayo."

"Jumapili hakikulingana. Leo kinalingana."

Haya, asante kwa kunisaidia. Nikamwomba anichoree kumbukumbu za wiki zote tangu kihisi kipya kilipofungwa. Wiki sita za kwanza mstari umelala vizuri kabisa. Halafu wiki tatu za mwisho, kila Jumamosi jioni unaruka juu kama aliyeungua, unabaki huko Jumapili nzima, na Jumatatu jioni unashuka. Nilikaa nikiukodolea. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Nimeona vihisi vilivyokufa, vilivyoliwa na kutu, vilivyotagiwa mayai na mende. Sijaona kihisi kinachougua mwisho wa wiki.

"Kitakuwa kinachoka, kama watu," akasema Bibi Tabea, na akanipa kikombe cha chai.

Nikanywa chai. Sikuwa na haraka ya kuondoka, na sababu yake nilikuwa sijamwambia. Mfukoni nilikuwa na barua. Baada ya kuomba miaka tisa nilikuwa nimepewa nafasi Juu, kwenye kituo chenye paa la kioo, nikapime hewa ya nje. Nimezaliwa Shimoni. Sijawahi kuona anga kwa macho yangu. Safari ilikuwa imebaki wiki mbili, na kila nilipofungua mdomo nimwage hiyo habari, nikamwona anavyonitazama, nikaufunga.

*

Jumamosi nikaja mapema na kigoda changu. Nikamwambia Bibi Tabea kwamba nitakaa hapo mpaka nimkamate mchawi. Akacheka, akaendelea na shughuli zake: akachuma majani ya wodini, akafagia, akapangusa taa. Ubao wangu umetundikwa karibu na kihisi, skrini inasoma sitini na moja. Saa tisa, sitini na moja. Saa kumi, sitini.

Saa kumi na nusu akafungua sanduku lake, akaanza kuvua vitambaa. Akavua cha redio, akakivisha kingine, cheupe, chenye maua. Akavua cha pampu. Akavua cha tangi.

"Unafanya nini?"

"Kesho Jumapili. Vya wiki nzima vikaoshwe, hivi ni vya Jumapili, mpaka vile vikauke Jumatatu jioni." Akaniangalia kama mtu aliyelelewa porini. "Kwenu hamvishi?"

Kwetu tunavisha, jamani. Nani asiyevisha? Mama yangu alikuwa na kitambaa cha kila siku cha redio na kitambaa cha wageni. Nimevizoea kiasi kwamba siku hizi sivioni. Na ndiyo maana hata alipofika kwenye kihisi, akakivua kile kifupi na kukivisha kile cha sherehe, chenye vishada virefu vya uzi pande zote, mimi nilikuwa nimeinama najaza maji kichupa cha ubao wangu. Nikaona maji yanavyopanda kwenye mkia wa kitambaa, taratibu, uzi unabadilika rangi. Nikainua macho. Mbele ya pua yangu vishada vya Jumapili vilikuwa vimening'inia, viwili vimeingia kwenye mfereji, na maji yanapanda, taratibu, uzi unabadilika rangi.

Skrini: sitini na nane. Sabini na tisa. Themanini na nane. Mashine ya kona ikaamka na kunguruma.

"Bibi," nikasema. Nilimwita bibi, utani uliniishia. "Usiguse kitu."

Nikakivua. Nikakifuta kihisi kwa pindo la gauni langu. Tukasimama wawili tukitazama namba zinashuka, themanini, sabini, sitini na tatu, mpaka mashine ikanyamaza. Akakitazama kitambaa mkononi mwangu, akautazama ubao wangu na mkia wake wa pamba uliotumbukia kwenye kichupa, akaelewa bila kuelezwa.

"Ni mimi," akasema.

"Ulikifuma lini hiki?"

"Nilikimaliza wiki tatu zilizopita." Akaketi kwenye kigoda changu. "Mama, kila kitu humu kina kazi na kina nguo yake. Hiki wakaja wakakitundika uchi. Kinatuangalizia hewa usiku na mchana, hakuna hata mmoja anayekiambia ahsante. Nikakionea huruma. Nikakifumia cha kila siku, halafu nikasema na cha Jumapili pia, kisijisikie mnyonge." Akaficha uso kwenye kanga. "Watoto wa wodini wamekosa mboga kwa sababu ya vishada vyangu."

"Hawajakosa. Tumewahi."

"Fundi Ntandu," akasema Mlezi. "Tofauti imeondoka. Naomba ufunge taarifa. Chanzo: kifaa au mkono?"

Sasa ndipo penyewe. Niwaeleze, maana asiye wa Shimoni hawezi kujua uzito wa swali hilo. Kabla sijaanza ufundi, mtu mmoja katika Hema la Kumi alichanganya chumvi za mimea kwa makisio yake, akaficha. Watu kumi na moja waliugua, watoto wawili wakafa. Majina ya watoto hao tunayakariri siku ya kuapishwa. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Mkono: hitilafu ikitokana na mkono wa mtu, mtu huyo haingii tena hemani ila fundi awe amesimama naye. Na fundi gani mwenye muda wa kusimama? Tuko tisa kwa mahema arobaini na mawili. Kwa hiyo aliyeandikwa mkono ametoka. Bibi Tabea angepelekwa Bweni la Wazee, ghorofa ya pili, kwenye viti vilivyopangwa ukutani. Nimewahi kwenda kutengeneza feni kule. Watu wanakaa.

Na kama ningesema kifaa? Rahisi, neno moja. Mlezi angeamini, sijawahi kumdanganya. Midomo ilishajikunja kulitamka.

"Nikiandika kifaa, kitatokea nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Vihisi vya toleo hilo vyote vitaondolewa kwa ukaguzi wa siku tano. Mahema thelathini na mawili yatakosa mvuke. Makadirio ya hasara ni robo ya mboga za mwezi. Fundi Kiula aliyevipima atasimamishwa mpaka ukaguzi uishe."

Kiula. Mzee wa watu, anapima kihisi kimoja mara saba na anakilaza kwenye pamba kama yai.

"Siku tano tu," nikasema kwa sauti ya chini, nikijisemea mwenyewe. "Watavumilia. Kiula nitamwelewesha."

"Utamwelewesha nini?" Bibi Tabea alikuwa ameondoa kanga usoni. "Kwamba umemchafua kwa ajili yangu? Mahema thelathini na mawili, mama! Unajua watu wangapi hao?"

"Bibi, wewe hujui viti vya ghorofa ya pili."

"Navijua. Nina rafiki pale, kila nikienda simkuti macho." Akainuka, akashika nguzo ya hema. "Nikikaa nitakufa, wala sikufichi. Lakini Yunisi wangu alikufa kwa sababu mtu aliandika kwenye daftari kwamba damu ipo, na haikuwepo. Mimi siwezi kuandikiwa uongo. Kila kitu sawa, hicho hapana." Akageukia ukuta. "Mlezi! Mkono. Mkono wangu, Tabea Njiku. Nimekivisha kitambaa, vishada vikaingia majini."

"Nimesikia. Nahitaji uthibitisho wa fundi."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, tena hasira ya kushukuru. Sijui kama inaeleweka. Huyu ndiye aliyeniwekea damu mwilini kijiko kwa kijiko, na hata sasa, wakati wa kuanguka kwake, alikuwa bado ananilisha kitu. Nikamkumbuka anavyopanda ngazi na bakuli. Siku arobaini. Hakuna kanuni iliyomtuma.

Na hapo, kwenye neno kanuni, kichwa kikanikaa sawa.

"Mlezi, nisomee Kanuni ya Mkono, sehemu ya mwisho."

"Mtu huyo hataingia hemani isipokuwa fundi amesimama naye."

"Inasema fundi wa zamu? Fundi aliyepangwa?"

"Inasema fundi."

"Imewahi kutumika?"

"Haijawahi. Hakuna fundi aliyejitolea."

Nikapangusa pua. "Basi andika. Chanzo, mkono. Wa Tabea Njiku. Na wa Perusi Ntandu pia, maana Jumapili iliyopita nilikinyoosha kitambaa hichohicho kwa vidole vyangu nikakiacha palepale. Halafu andika: fundi atakayesimama naye ni mimi, na mwenyewe nitajisimamia, maana kanuni inasema fundi tu. Asubuhi saa moja na jioni saa kumi, kila siku, nje ya zamu yangu."

"Fundi Ntandu, una uhamisho wa kwenda Juu. Huwezi..."

"Nyamaza hapo, Mlezi. Hilo niandikie pembeni, usilitangaze."

Bibi Tabea alikuwa anahangaika kukunja kitambaa kilicholowa, hakusikia vizuri, au nilidhani hakusikia.

"Kwa muda gani?" akauliza Mlezi.

Sikuhitaji kufikiri. "Arobaini."

"Sababu?"

"Shukrani."

"Sababu hiyo haimo kwenye orodha."

"Iongeze."

*

Kusimama na Bibi Tabea si kazi nyepesi. Anakufundisha kuchuma, anakukosoa, anakuagiza maji. "Si umekuja kusimama? Simama basi na ndoo hii." Mizizi ilirudi kuwa myeupe katika wiki mbili; majani yaliyoungua tuliyaondoa, mapya yakatoka mapana, ya kijani kibichi. Wodi ilipata mboga yake. Kihisi kikabaki uchi, na kila alipokipita alikiomba radhi. Mimi nikabeba bakuli mara nyingi juu ya zile ngazi mia na kumi na mbili, na nikajua kwa magoti yangu mwenyewe kile alichonifanyia.

Siku ya arobaini nilikuta zipu imefungwa naye amesimama nje, mikono kiunoni. Haruhusiwi kuingia peke yake, hilo sawa. Lakini uso wake ulikuwa wa vita.

"Mpinga alikuja kuniaga jana," akasema.

"Mpinga gani?"

"Usinifanye mtoto! Mpinga anakwenda Juu kesho. Anasema nafasi ilikuwa yako. Anasema uliiacha, safari ikaahirishwa, wakamwita yeye. Yule aliyezamisha minafu yangu ndiye anakwenda kuona anga, na wewe unashika ndoo?"

"Bibi..."

"Miaka tisa umeomba! Mjinga wewe, mama. Mjinga kabisa." Machozi yalikuwa yanamtoka, na bado ananigombeza. "Leo arobaini imekwisha. Umemaliza. Nenda kwa wakubwa wako, piga magoti, waambie bibi kachoka na wewe, anakwenda kwenye viti."

"Fundi Ntandu," sauti ya mlangoni ikasema, "muda wa kusimama unaisha leo. Je, mkono uondolewe hemani?"

Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa imejaa madoa ya mnafu mpaka kwenye kucha, rangi ambayo haitoki tena hata uisugue vipi. Niliona mikono ile mara ya kwanza nikiwa nimelala, siwezi kuinua kichwa. Sikusikitika, nawaapia. Nilitafuta masikitiko ya anga ndani yangu sikuyakuta. Nilikuta furaha tu, tena nyingi, kwamba nimepewa mahali pa kuiweka asante yangu.

"Andika arobaini nyingine," nikasema.

"Sababu?"

"Ileile."

"Imo kwenye orodha," akasema Mlezi. "Nimeandika."

Bibi Tabea akajipekua kwenye pindo la kanga, akatoa kitu kilichokunjwa, akanisukumia kifuani kwa nguvu bado akiwa amenuna. Kilikuwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chembamba na kirefu, kipimo cha ubao wangu wa vipimajoto bila kuzidi hata uzi. Amenifumia usiku na mchana, nami sikuona.

"Hakina vishada," akasema. "Kishike vizuri. Kikavu."

Nikakishika. Kilikuwa kikavu kabisa. Nikafungua zipu, tukaingia.